Kokteli ya Sekenke na Maisha ya Sixbert Kiula Msengi, 1982–2025

Baba Paroko, viongozi wa kijiji chetu cha Ulemo, ndugu mliotoka Kiomboi, Ilongero na Singida mjini, majirani, na nyote mliokuja kumsindikiza ndugu yetu, familia inaomba utulivu wenu kwa muda wa kusoma haya, maana yapo mnayoyajua, yapo mliyoyasikia yakiwa yamepindishwa, na yapo machache ambayo ni lazima kila aliyeketi hapa ayasikie kabla jeneza halijainuliwa.

Sixbert Kiula Msengi alizaliwa hapa Ulemo siku ya Jumatano tarehe 17 Machi 1982, mtoto wa pili kati ya watatu wa marehemu mzee Kiula Msengi na mama Anastazia ambaye tunaye hapa mbele, dada yake mkubwa akiwa Editha na mdogo wake akiwa Godfrey. Nyumba aliyozaliwa ilijulikana kwa wanzuki, kwa kuwa mama Anastazia alikuwa akiipika pombe hiyo ya asali vizuri kuliko wote wa upande huu, na wazee waliopo watakumbuka kwamba hakuna mgeni aliyepewa kata mkononi kabla mama hajapiga funda la kwanza mbele yake, akalimeza, akasubiri kidogo, ndipo akampa, jambo ambalo wengine huliita kutoa sumu. Mama aliwafundisha wanawe kwamba kugusisha midomo tu ni kumdanganya mgeni, kuonja ni kumeza, na Sixbert, ambaye tangu utotoni alikuwa mtu wa kushika neno moja na kukaa nalo, alilishika hilo.

Mzee Kiula alikuwa mchimbaji mdogo kule Sekenke, kwenye mashimo ya zamani ya dhahabu. Siku ya Alhamisi tarehe 3 Juni 1993 alishuka wa kwanza kwenye shimo lililokaa na maji msimu mzima, kibatari kikamzimikia mkononi kwa hewa mbaya, na wenzake waliokuwa juu waliona kamba inalegea. Sixbert alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa amepeleka chakula cha mchana, akakaa na lile bakuli la ugali mapajani mpaka jua lilipopoa, na kila aliyetaka kumpokea alimjibu, "Hiki ni cha baba."

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1990 hadi 1996, akaendelea na sekondari Kiomboi kuanzia 1997 hadi 2000 alipomaliza kidato cha nne, na baada ya miaka miwili ya kulima alizeti na mtama na mama yake alikwenda Arusha, mwezi Januari 2003, kwa mafunzo ya hoteli ya miaka miwili. Alipoandika nyumbani kwamba amepangiwa kujifunza kazi ya kaunta ya vinywaji, mama alimtumia ujumbe kwa mdomo wa Editha, "Mwambie huyo, nimeuza ng'ombe akasome, kumbe anakwenda kupika pombe kama mimi?" naye alimrudishia kwa mdomo huohuo, "Mwambie mama, yeye anapika, mimi natikisa tu."

Kuanzia mwaka 2005 alifanya kazi katika hoteli moja ya Arusha, na tarehe 21 Novemba 2009 alifunga ndoa na Rahel, binti wa Ilongero, wakajaliwa watoto wawili, Joyce aliyezaliwa tarehe 6 Oktoba 2010 na Witness aliyezaliwa tarehe 30 Aprili 2014, ambao wote wamekaa hapa na mama yao.

Sasa inatupasa kusema juu ya kile kinywaji, kwa sababu ndicho kilichomtambulisha marehemu kwa watu wengi, na ni kwa sababu yake tuko hapa leo. Mwezi Julai 2013 alifika pale Arusha mama mmoja mzee wa Kimarekani, aliyekuwa akirudi kutoka mbugani, akaagiza kokteli ambayo hakuna aliyeijua, na Sixbert hakuona haya kumwambia, "Mama, sijui, nifundishe." Yule mama akamwandikia kwenye karatasi ya kufutia mikono. Alimweleza kwamba si kinywaji cha kale, kilianzia kwenye baa moja ya mjini New York karibu na mwaka 2000, pale mteja mmoja alipoomba wiski yake ya limau isitiwe sukari, itiwe asali, na kwa kuwa asali nzito haichanganyiki na kitu cha baridi, waliilegeza kwanza kwa maji ya moto, kikatoka kinywaji cha rangi ya dhahabu, wakakiita Gold Rush, yaani mbio za dhahabu. Sixbert alipoelezwa jina alicheka kidogo, halafu akasema, "Mbio hizo nazijua, mama, zilimla baba yangu," na yule mama, kama Sixbert alivyokuja kumsimulia Rahel, aliweka glasi chini na hakuinywa tena jioni ile.

Alirudi mkoani kwetu mwezi Machi 2015 na kuajiriwa kwenye hoteli ya Bwana Bhargav, upande wa Ziwa Kindai, akiwa mkuu wa kaunta, na huko ndiko alikokianzisha kinywaji kile kwa asali ya mizinga ya magogo ya hapa Ulemo, akakiita Sekenke. Tunaandika jinsi alivyokitengeneza, kwa sababu alikuwa akisema kitu kisipoandikwa kila mtu atakifanya chake. Alichukua sehemu tatu za asali na sehemu moja ya maji ya moto ambayo hayajachemka, akakoroga mpaka ikalegea, akaiacha ipoe, kisha kwa mtu mmoja alipima vijiko vinne vya chakula vya bourbon, ambayo ni wiski ya mahindi ya Marekani iliyolala kwenye mapipa yaliyounguzwa ndani, kijiko kimoja na nusu cha maji ya limau lililokamuliwa saa hiyohiyo, na kijiko kimoja na nusu cha asali ile, vyote kwenye kopo la kutikisia lenye barafu, akatikisa mpaka kopo liume vidole kwa baridi, akachuja juu ya bonge moja la barafu kwenye glasi fupi. Alijaribu pia asali ya nyuki wadogo akaiacha, akisema uchachu wake unagombana na limau.

Watu walizoea kusema kwamba Sixbert ndiye aliyekibuni, na hata hoteli iliwahi kuchora ubao wa kusema hivyo, lakini yeye mwenyewe aliufuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Bwana Bhargav alimlalamikia, "Sixbert, wewe unaniharibia biashara mchana kweupe," naye akamjibu, "Bosi, asali ni ya kwetu na jina ni la kwetu, hayo mengine ni ya watu, tusiwaibie." Familia inarudia hapa, kwa kutimiza alichotaka, kwamba kinywaji hicho hakikubuniwa na yeye.

Jambo la pili ambalo limesemwa sana mjini, na tangu Jumatano limesemwa mpaka kisimani hapa Ulemo, ni kwamba Sixbert amekufa kwa ulevi. Sixbert hakuwa mnywaji. Kwa miaka ishirini aliyokaa nyuma ya kaunta hakuwahi kukaa mbele yake, na kitu pekee alichomeza ni lile funda la mama yake, funda moja kutoka kila chupa mpya anayoifungua, mbele ya wageni, kabla ya kumpa mtu yeyote. Wenzake walimtania kwamba anajifanya mganga, na dada mmoja wa kaunta, Luciana, alikuwa akimwambia, "Kaka Sixbert, chupa imetoka kiwandani na muhuri wake, unamtafuta mchawi gani humo?" Yeye alimjibu kwamba kila chupa ina kinywa chake na ijisemee yenyewe. Alikuwa na sheria moja zaidi, kwamba bourbon inanunuliwa kwenye duka moja tu, la Bi Rizwana, ambaye alimjua na kumwamini.

Mwanzoni mwa mwezi huu wa Agosti bourbon iliisha kwenye duka hilo. Hotelini kulikuwa na sherehe ya kumuaga mhandisi aliyemaliza kazi yake mkoani, wageni arobaini na wawili, siku ya Jumamosi tarehe 9, na wageni hao walikuwa wameahidiwa Sekenke. Bi Rizwana alimwambia Sixbert, "Subiri mpaka Jumanne, mwanangu, mzigo uko njiani, usihangaike na vya barabarani," na Sixbert alikubali, akawa amekwisha kumweleza Bwana Bhargav kwamba wageni watakunywa kingine.

Siku hiyo ya Jumamosi, saa saba na nusu mchana, mdogo wake Godfrey alifika hotelini akiwa amebeba boksi. Haya tunayosema sasa Godfrey mwenyewe ameyasema mbele ya wazee wa ukoo, na amekubali yasomwe akiwa hapa. Alimwambia kaka yake kwa furaha, "Kaka, leo nimekuokoa, ile wiski yako ya mahindi hii hapa." Sixbert akamuuliza ameitoa wapi, akasema kuna lori limelala mteremko wa Sekenke, mzigo umemwagika, na mtu mmoja pale chini kwenye maegesho alikuwa anaziuza, hazijavunjika, mihuri yake mizima. Sixbert aliichukua chupa moja, akaigeuza mara tatu. "Hilo lori uliliona kwa macho yako?" "Wameshaliondoa." "Nani waliliondoa?" "Kaka, na wewe maswali kama trafiki! Kama huzitaka nazirudisha." Sixbert akatazama lile boksi, akamtazama mdogo wake aliyetoka alfajiri kwa ajili yake, akasema, "Acha niziulize zenyewe."

Luciana alikuwepo na ndiye aliyetueleza yaliyofuata. Chupa zilikuwa nne. Saa nane mchana, wageni wa kwanza wakiwa wanaanza kuketi, Sixbert alitengeneza nusu ya kipimo cha Sekenke kutoka chupa ya kwanza, kwa kuwa chupa hizi hakujua zilikotoka na aliamini bourbon haijulikani tabia yake mpaka ikutane na asali na limau, akameza chote, akasubiri, hakuona kitu. Akafanya hivyo kwa chupa ya pili, na ya tatu, maana kwake chupa moja nzuri haikuwa dhamana ya nyingine. Daktari ametueleza baadaye kwamba pombe ile mbaya, inayotumika viwandani, haina ladha ya kujitangaza, na kwamba asali na limau vingeweza kuficha hata kile kidogo ambacho ulimi wake ungekishika. Alipomaliza kumeza ya nne na kutaka kuirudisha chupa mahali pake, lebo iliteleza chini ya vidole vyake vilivyolowa kwa barafu, ikajikunja kama ganda la ndizi, na chini yake gundi ilikuwa bado laini.

Mgeni mmoja alikuwa ameshanyoosha mkono kuomba Sekenke yake. Sixbert aliisukuma glasi tupu nyuma, akamwambia, "Samahani mzee, leo Sekenke haipo," kisha akamgeukia Luciana kwa sauti ya chini, "Hizi haziendi kwa mtu, ziweke kwenye boksi, mpelekee Bi Jayshree azifungie, na usimwambie mtu zimeletwa na nani." Bi Jayshree, mke wa Bwana Bhargav, alizifungia stoo na ufunguo akakaa nao. Wageni wote arobaini na wawili walikunywa soda, bia na maji ya matunda, wakacheza, wakaondoka salama, na Sixbert aliwahudumia kwa miguu yake mpaka saa kumi na mbili jioni, akarudi nyumbani akiwa mzima kama ninyi mlivyo sasa.

Jumapili tarehe 10 asubuhi aliamka na kichwa kinamuuma, akatapika mara mbili, akasema asisubiriwe kwenda kanisani. Saa tano hivi Rahel alikuwa anamfungia Witness kiatu, Sixbert akamuuliza kutoka kitandani, "Mama Joyce, mbona mmewasha taa zote?" Hakukuwa na taa iliyowashwa, umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Rahel akamwuliza anaona nini, akasema, "Naona kama mtu amerusha unga hewani, haushuki."

Rahel alimpigia simu Editha, wakamfikisha hospitali saa nane mchana. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Daktari alikuwa ameanza kuona jinsi mgonjwa anavyovuta pumzi kwa haraka, akauliza swali ambalo lilikuwa sahihi kabisa, "Jana alikunywa nini?" Aliyejibu ni Editha, alisema, "Ndugu yangu hanywi, daktari, hata ukiuliza mji mzima." Alisema hivyo kwa sababu ndivyo ukoo huu ulivyosema kwa miaka ishirini, kila mara mtu alipocheka kwamba mtoto wa mpika wanzuki anauza pombe mjini, na alijibu kwa haraka kama anayetetea, bila kudhani kwamba funda la kuonja ni kunywa. Daktari akarudia swali kwa mgonjwa mwenyewe. Sixbert alikuwa macho, alisikia, akanyamaza. Walianza kumtibu kwa mengine. Editha ameomba sentensi hizi zisiondolewe.

Jumatatu tarehe 11, saa sita mchana, Luciana alifika wodini kumjulia hali mwenzake, akashangaa kusikia watu wanazungumza habari ya homa, na pale mlangoni akasema, "Jamani, na zile chupa mmemwambia daktari?" Kuanzia hapo madaktari hawakupoteza hata dakika, walimwanzishia dawa ya kuzuia sumu ile, na wakaanza mipango ya kumpeleka Dodoma akasafishwe damu. Macho yalikuwa hayaoni tena. Rahel alimwinamia akamwuliza, "Baba Joyce, ulijua, kwa nini hukusema?" Akajibu, "Nilidhani itapita. Godfrey ana watoto wadogo, wangemfunga." Baada ya kitambo akamwuliza Rahel kama mtu yeyote mwingine ameugua, akaambiwa hakuna, akasema, "Basi ni hizo nne tu," na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yaliyoeleweka. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshageuzwa mlangoni siku ya Jumanne tarehe 12 Agosti 2025, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Sixbert alipokata roho, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu. Ameacha mjane, watoto wawili, mama, dada na mdogo wake.

Sixbert alikufa akiamini kwamba zilikuwa nne. Jumanne hiyo mchana, mbele ya wazee, Godfrey alisema alizonunua zilikuwa sita. Mbili alimwachia dereva wa bodaboda aliyembeba kutoka stendi ya Singida hadi hotelini, yule kijana alipoziona akazisifu, akasema kwao Ilongero wana sherehe ya kipaimara Jumapili ya tarehe 24 mwezi huu na angependa kumpelekea baba yake kitu cha heshima. Godfrey hakumwuliza jina. Anakumbuka kofia ya pikipiki nyekundu iliyopasuka upande mmoja, na kwamba kijana alikuwa mchangamfu. Jumatano Godfrey alikwenda polisi kwa miguu yake akiwa na Editha, akasema yote, na ameruhusiwa kuwa nasi hapa leo. Zile nne zimechukuliwa na wataalamu. Zile mbili zimetafutwa stendi na Ilongero kwa siku mbili, na mpaka saa hii tunaposoma haya hazijaonekana.

Kwa hiyo tunaomba mzishike alama zake. Ni chupa fupi za mraba, kizibo cha mbao chenye utepe mweusi, lebo ya kahawia yenye picha ya suke moja la mahindi, na ukiipitishia kidole kilicholowa lebo hiyo inateleza. Kilichomo kinanukia vizuri. Hakitamfanya mtu ajisikie vibaya siku atakayokinywa, atacheka na wenzake, atalala vizuri, na kesho yake ataona unga hewani. Anayeambiwa hivyo na mtu wa nyumbani kwake ampeleke hospitali saa hiyohiyo, na akiulizwa alikunywa nini, aseme, hata kama ni funda moja, hata kama mgonjwa ni mlokole, hata kama aliyemletea ni ndugu yake wa tumbo moja. Sisi hatukusema, na kutoka Jumapili saa nane hadi Jumatatu saa sita ni saa ishirini na mbili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao waliuliza swali walilotakiwa kuuliza na hawana deni kwetu, inamshukuru Luciana, Bwana Bhargav, Bi Jayshree, Bi Rizwana na wafanyakazi wote wa hoteli, walioleta turubai, maji na gari, inawashukuru majirani wa Singida na wa hapa Ulemo waliolala nasi tangu Jumanne, Baba Paroko na kwaya, na vijana waliochimba kaburi kwenye ardhi ngumu ya kiangazi. Na kwa kuwa wengi wenu mmetoka Ilongero, na kwa kuwa zimebaki siku kumi, tunamshukuru mapema, kabla hatujamjua, yule atakayekwenda nyumbani leo, afungue kabati la baba yake na kuzileta zikiwa bado zimefungwa.

Sixbert, umemaliza kazi yako, pumzika kwa amani, sisi bado tunazitafuta.